Mafuta ya Mama na Mteremko wa Kwanza

Ipo asubuhi moja ninayoikumbuka kuliko asubuhi ya harusi yangu, mwanangu Debora, na hilo usimpelekee bibi yako jikoni. Ni asubuhi niliyoteremka mlima kwa baiskeli, hii tunayoiita kinga, mara ya kwanza. Nakuita mwanangu ingawa wewe ni mtoto wa binti yangu, maana mgongo huu umekubeba sana na hauna habari za wajukuu. Kaa kwenye hicho kiti. Hiyo kofia yako ngumu iweke chini, hakuna wa kuiiba, umtazame mtu anayesema nawe.

Jana ulikuja hapa umeinamisha shingo. Mashindano yenu ni Jumamosi hii, vilimani upande wa Kakanda, na kwako ni ya kwanza. Umenieleza huo mchezo mnaouita enduro mpaka nimeuelewa: mnapanda mlima polepole, kila mtu na pumzi yake, na hakuna anayewapima, mkifika juu mnateremka mmoja mmoja, na ni katika kuteremka ndiko saa inakohesabu. Nilicheka moyoni. Kumbe kazi tuliyoifanya sisi ili tule, watoto wetu wanaifanya kwa kushindana. Lakini jana hukuja kwa maneno ya mchezo.

"Kambo," uliniambia mimi babu yako, "mama anasema kama kinga haipakwe mafuta ya maombi, sitaenda. Anataka kupaka magurudumu yote mbili. Na minye niko na freni za diski. Mafuta ikigusa pale, freni imekufa."

"Umemuambia?"

"Naogopa. Atasema nazarau maombi, atakataza yote."

Nikakutuma sokoni kuninunulia matembele ambayo sikuyahitaji. Nilitaka kulala na jambo hilo. Nimeamka nalo, na sasa nakujibu.

Nilipokuwa na umri wako niliingia katika kundi la wabeba makala, makaa ya kupikia. Bado unawaona kwenye barabara ya Mulungwishi, magunia yamepita kichwa cha mtu, naye anasukuma baiskeli kwa nyuma huku anahema. Kundi letu lilikuwa na mkubwa wake, Papa Kaumba, mtu mwembamba, mkimya, mwenye desturi moja ambayo hakuivunja kwa ajili ya yeyote. Mgeni hakubebeshwa gunia mpaka ateremke kwanza mlima na baiskeli tupu, mbele ya macho yake, na kusimama kwenye kichuguu alichokionyesha yeye. Ukisimama pale, umekuwa mwenzetu. Usiposimama, rudi nyumbani ujifunze. Wengine walisema ni kupoteza muda, lakini hakuna aliyelisema hilo akiwa mbele yake.

Mama yangu, usiyemjua, alikuwa mtu wa maombi kama mama yako. Ukimwona mama yako amefumba macho huku mkono umeinuliwa, umemwona yeye. Baada ya baba kufariki alikuwa akinihesabu kila ninapoingia mlangoni, ingawa nilikuwa mmoja tu. Aliposikia ninakwenda kuteremka milima, hakukataa, kwa sababu chungu kilikuwa kitupu. Ila asubuhi hiyo alitoka na kichupa kilichokuwa cha dawa ya kikohozi, sasa kina mafuta yaliyoombewa kanisani, akaanza kuipaka baiskeli yangu. Alianza na usukani, akaenda kwenye kiti, akashuka kwenye pedali. Alipofika kwenye magurudumu alipiga magoti kabisa. Alilizungusha gurudumu taratibu na kuupaka ukingo wake wa chuma, upande huu na upande ule, huku akiomba barabara isiniangushe.

Freni za wakati ule, mwanangu, zilikuwa vipande vya mpira vinavyobana ukingo wa gurudumu. Ni pale pale alipokuwa akipaka mama.

Niliona. Nilifungua mdomo nikaufunga. Angekuwa jirani ningemwambia aache, lakini alikuwa mama, na machozi yalikuwa yanamtoka. Nikajisemea kwamba mafuta yatakauka njiani. Ndivyo kijana anavyojidanganya akitaka amani ya asubuhi moja.

Tulifika juu ya mlima jua linaanza kupasha majani. Papa Kaumba alinionyesha kichuguu chake, akakunja mikono. Nikaachia. Mwanzo ulikuwa mtamu, sitakuficha. Upepo uliingia ndani ya shati nikajiona mtu mkubwa. Kisha nikabana freni, na ikawa kama kumshika samaki kwa mkono wenye sabuni. Kichuguu kilinipita pembeni. Niliona mti, niliona manyasi, nikachagua manyasi. Hili kovu la kidevuni, ambalo bibi yako anasema linanipa sura ya mtu mwenye akili, nililipata hapo.

Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Papa Kaumba aliteremka kwa miguu, bila haraka. Hakunitazama mimi kwanza, alitazama gurudumu. Akapitisha kidole kwenye ukingo, akakinusa.

"Nani alipaka hii?"

"Mama. Ni mafuta ya maombi."

Kicheko kikaongezeka kule juu. Akageuka.

"Mama ya mwenzenu aliomba. Munacheka nini?"

Kisha akachuchumaa karibu nami, akasema kwa sauti ya kunitosha mimi peke yangu.

"Weye uliona akipaka?"

"Niliona, Papa."

"Na ulinyamaza juu ya nini?"

"Sikupenda kumuumiza roho."

"Na kama ulikufa hapa, roho yake ingepona?"

Alinipa majivu kutoka kwenye tanuri la makala, akaniambia nisugue magurudumu, nisuuze, nisugue tena, mpaka kidole kikipita juu ya chuma kitoe mlio. Nikapanda mlima tena huku damu imenikauka shingoni. Nikateremka, nikasimama kwenye kichuguu. Aliitikia kwa kichwa mara moja tu, akaenda kufunga mzigo wake.

Nilipotaka kurudi nyumbani siku hiyo Papa Kaumba aliniambia tunakwenda wote. Nilijua atamwaibisha mama, naye mama alikuwa akitegemea yale maombi kuliko alivyotegemea mlango wa nyumba. Tulipofika, mama alitazama kidevu changu akashika kifua. Alimkaribisha mgeni, akampa munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, kwenye kikombe kizuri. Papa Kaumba alikunywa nusu, akakiweka kikombe chini.

"Mama," alisema, "freni inataka chuma kikavu. Mafuta ikiingia pale, kinga haisimame. Leo mutoto alianguka juu ya ile."

Mama aliweka mkono mdomoni. Nilimwona akianza kuvunjika. Lakini kabla hajatoa neno, yule mzee alivua kofia yake, akainamisha kichwa mbele ya mama yangu, kichwa chenye upara na vumbi la makala.

"Chuma haina roho, Mama. Mafuta njo ya muntu. Nipake minye. Na kesho upake batoto bote."

Mama alikitafuta kile kichupa. Akampaka. Akaomba sana, akalia, akaniita na mimi akanipaka, na ule munkoyo uliobaki akamnywesha kwa nguvu. Tangu siku hiyo, kila safari, kundi zima lilipitia mlangoni kwetu. Wanaume wazima, wengine wana ndevu, walivua kofia wakajipanga, na aliyechelewa alisemwa na mama mbele ya wote. Hata waliocheka mlimani waliinama. Mama aliendelea hivyo mpaka magoti yake yalipokataa, halafu akawa anawapaka akiwa amekaa.

Nimemkumbuka mzee yule miaka mingi, na kitu ninachokipenda zaidi kwake ni hiki: hakumnyang'anya mama kichupa. Aliusogeza tu mkono wake.

Sasa nisikilize, maana wewe una haraka na mimi ni mzee. Nimesikia una mpango wa kuificha baiskeli kwa rafiki yako mpaka Jumamosi. Ondoa mpango huo. Mama yako akijua, na atajua, hutashindana mwaka huu wala mwaka ujao. Nenda kwake leo, mchana, kichupa kikiwa bado kabatini. Mwonyeshe kile kisahani cha chuma katikati ya gurudumu. Mwambie kwa maneno mepesi kwamba hicho ndicho kinachokusimamisha, na kwamba kikipakwa mafuta hutasimama. Usimwambie hajui. Halafu vua kofia yako ngumu, inamisha kichwa, umwambie, "Mama, paka hapa." Mimi nimemlea, namjua, atanuna kidogo, kisha atapaka mpaka mafuta yakuingie masikioni.

Mengine unayajua, lakini nitayasema kwa sababu napenda kuyasema. Njia ya kuteremka ipitie kwanza kwa miguu, uyajue mawe yake. Kupanda msishindane, nguvu ya kushika freni iko kwenye vidole, na vidole vikichoka hakuna sala itakayovikaza. Asubuhi ya siku yenyewe jaribu freni kwenye mteremko mdogo, wewe mwenyewe, hata kama fundi ameapa. Macho yatazame unakotaka kwenda, usiyakodoe kwenye jiwe unaloliogopa. Ukimkuta mwenzako ameanguka, simama, saa iendelee bila wewe. Kushinda sikukutuma. Nimekutuma urudi.

Na katika maisha yako yote, mwanangu, anayekupenda akifanya kosa kwa upendo, mwambie ukweli mapema, kisha umwonyeshe mahali ambapo mkono wake unahitajika. Ukimnyamazia hujamheshimu, umemwacha akuumize bila kujua.

Mungu aliyesikia maombi ya mama yangu akutangulie kwenye kila kona. Vumbi lifumbe macho ya waoga, yako yabaki wazi. Ushuke ukiwa mzima, umkute mama yako chini ya mlima ameshika kanga ya kukufutia uso, na umpe sababu ya kuimba njia nzima mpaka nyumbani.

Haya, nenda, mama yako ameshatoka sokoni. Na akimaliza kukupaka, mwambie apitie na hapa kwangu. Tangu mama yangu afariki, hakuna aliyekipaka hiki kichwa.