Barua ya Mama Stela na haraka zangu

Jamani, leo nimefuta amri zote za kompyuta ya darasani kwa mkono wangu mwenyewe.

Nilitaka kuondoa mafaili ya zamani. Nikakosea folda, nikabonyeza Enter. (Ndiyo, mimi ndiye mwalimu. Chekeni mmalize.)

Hiyo kompyuta inatumia mfumo wa Linux, na bila amri hizo haifanyi kazi. Ukiizima haiwaki tena yenyewe, ukiiacha hivyo haifungui faili lolote.

Na ndani mna barua ya Mama Stela. Anatoka kijijini Mtua kila Jumanne kuja darasani, na hii ni wiki ya sita anamwandikia binti yake aliyeko Songea. Kwa kidole kimoja.

Alikuwa amekaa pembeni yangu.

"Imepotea, mwalimu?"

Nikakumbuka kwamba ile skrini nyeusi ya kuandikia amri ina mambo mawili yasiyofutika: kusoma mstari wa faili na kuuonyesha. Nikaiambia isome barua, mstari kwa mstari.

Ukaja wa kwanza:

"Mwanangu, mwalimu wetu ni kijana mzuri, shida yake haraka."

Mama Stela akajifunika uso kwa kanga. Mimi nilitamani kuingia chini ya meza. Nyie mngefanyaje?

Ukaja wa pili:

"Ila nikikosea hanifokei, ananiambia tuanze upya."

Barua yote ilikuwepo. Mimi ndiye niliyeshindwa kuendelea kuisoma.

Akasogeza kiti chake karibu.

"Basi tuanze upya, mwalimu."

Nikachomeka CD yenye nakala ya mfumo, nikaiwasha kompyuta kwa hiyo CD, nikawa namtajia amri za kurudisha zile nilizofuta. Akaziandika yeye, kwa kidole kimoja.

Hakukosea hata herufi.