Mara Nne Kutoka Mwanzo

Mpiga selo aliyerudia kipande kimoja cha muziki mara nne mfululizo, mbele ya meja aliyelala usingizi na vijana wawili waliokuja kumkamata mwenzake, tumemzika Jumamosi. Alikufa kitandani kwake, mzee, baada ya kula chakula cha mchana, bahati ambayo wengi wa rika lake hapa Kampala hawakuipata. Makaburini wasemaji walimwita nguzo ya muziki. Mimi nilimfahamu miaka mingi na sioni sababu ya kuanza kumdanganya msomaji leo: alipiga selo kama mtu anayeburuta kabati sebuleni.

Kazi yake ilikuwa tarumbeta, katika bendi ya polisi, akiwa sajini. Selo, ile fidla kubwa inayosimamishwa katikati ya magoti, aliipata pale familia ya Kihindi iliyokuwa jirani yake ilipofukuzwa nchini pamoja na wengine. Chombo kile hakikuingia kwenye sanduku lolote, wakamwachia. Akajifundisha mwenyewe, na kama walivyo wengi waliojifundisha wenyewe, hakukubali kukosolewa na yeyote. Kosa lake kubwa lilikuwa alama ya marudio, vile vinukta viwili ambavyo mtunzi huviweka kumwambia mpigaji arudi nyuma, apige tena mara moja, aendelee. Kwake vinukta vile vilikuwa mwaliko wa kudumu. Nilimshuhudia kwenye arusi moja ya Bwaise: bibi arusi amefika madhabahuni, mchungaji amekohoa mara tatu, bwana arusi amechoka kusimama akaketi kwenye benchi, na yeye anarudia tu. Shangazi wa bibi arusi akamwendea. “Ssebo, mtoto ameshafika! Unataka arudi kwao aingie upya?” Akajibu bila kuinua kichwa: “Muziki haujaisha, mama.”

Mtu huyo ndiye aliyerithi tamasha la muziki wa vyombo vichache, ule wa watu wanne au watano waliokaa kwenye viti, bila ngoma wala mwimbaji. Wazungu walioanzisha tamasha hilo walikuwa wameondoka, na Wahindi waliokuwa wakijaza viti hawakuwapo tena. Yeye akasema litaendelea. Alikusanya wapiga fidla wawili wa kanisani, na mwalimu mmoja wa sekondari aliyepiga viola, ile fidla iliyozidi wenzake umbo kidogo. Siku ya mwisho ya tamasha aliipa mada: maonyesho matatu, la Asubuhi, la Mchana na la Jioni, kila moja na muziki wa kufanana na wakati wake. La Jioni lilipangwa saa kumi, kwa sababu miaka ile jioni yenyewe ilikuwa na wenyewe, wanajeshi. Mhariri wangu gazetini alinituma ukumbini, kule Nakasero, kuandika habari zake. Alisema muziki usio na maneno hauwezi kuitukana serikali, kwa hiyo hakuna atakayefungwa kwa habari hiyo, si mimi wala yeye.

Onyesho la Mchana lilianza saa sita. Mgeni rasmi alikuwa meja, mtu mnene mwenye nishani, aliyeketi mstari wa mbele na kulala kabla ya ukurasa wa pili. Muda si mrefu mlango ukafunguliwa, wakaingia vijana wawili wenye miwani myeusi na viatu vya visigino virefu, wakakaa kwenye benchi langu. Ukumbi mzima uliwajua ni watu gani. Mwalimu wa viola alijua zaidi, maana wiki ile, kwenye chumba cha walimu, alikuwa amesema kwamba nishani za rais zikiongezeka tena itabidi shati livaliwe na watu wawili. Alijua wamemfuata yeye. Lakini hakuna kijana wa usalama ambaye angemburuta mtu jukwaani na kumwamsha meja. Wangengoja muziki uishe.

Muziki haukuisha. Mzee wetu alifika kwenye vinukta, akarudi mwanzo, na wenzake watatu wakamfuata kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa kiongozi. Akafika tena, akarudi tena. Pembeni yangu nikasikia:

“Hii kitu nakwisha saa ngapi?”

“Sijui. Nafikiri hawa bado natafuta wimbo, hawajapata.”

Mmoja akanigeukia. “Wewe, mwandishi. Ngoma nakuja saa ngapi?”

“Hakuna ngoma, afande.”

“Hakuna kabisa?” Alinitazama kama mtu aliyeibiwa.

Kipande kilipoanza kwa mara ya nne, harufu ya nyama choma ikaingia kutoka ng'ambo ya barabara. Wakanong'onezana, wakatoka. “Dakika tano tu,” mmoja alisema. Hawajavuka barabara vizuri, muziki ukaisha. Mwalimu akaiweka viola kitini kama mtu anayekwenda chooni, akapitia mlango wa jikoni, akapanda lori lililokuwa likienda Busia, mpakani na Kenya, kubeba chumvi. Vijana waliporudi, midomo ikiwa na mafuta, walikuta kiti na chombo.

“Wewe muzee! Mutu ya hii kitu iko wapi?”

“Chooni, afande. Kurudia kumemvuruga tumbo.”

Kijana akamshika kola. Hapo meja akazinduka. “Nani nasumbua musiki yangu?” Akauona mkono kwenye kola. “Wacha huyu muzee! Miaka mingi mimi sijalala vizuri namna hii.” Kola ikaachiwa. Wiki tatu baadaye mwalimu aliandika kutoka Nairobi.

Waswahili walishasema ngoma ivumayo sana hupasuka, na serikali ile ilivuma kwelikweli. Ila hawakutuambia tufanye nini tukiwa tunasubiri ipasuke. Nikitazama nyuma, naona wengi wetu tulipona kwa sababu mtu fulani alimpotezea mkubwa muda. Karani hakuliona faili la aliyetafutwa. Fundi alisema spea ya gari jeusi la kukamatia watu haijafika. Muuguzi aliandika “bado mgonjwa” kwenye kadi ya mtu aliyekuwa mzima kama mimi. Hawakuwa mashujaa. Baadhi yao walikuwa wavivu kwelikweli, na walibaki wavivu hata baada ya serikali kuanguka. Siku hizi tunasifu wepesi, na mimi pia nachukia kupangwa foleni. Lakini nimejifunza kutokuwa mwepesi wa kumdharau mtu kwa kasoro yake, kwa sababu sijui ni siku gani mtu mwingine ataishi kwa kasoro hiyohiyo.

Tulipokuwa tukitoka makaburini nilimshika mkono mwalimu wa viola, ambaye sasa anatembea na mkongojo, nikamuuliza nililowahi kumuuliza marehemu mara nyingi bila kupata jibu: je, ilikuwa makusudi?

“Unauliza nini, ndugu yangu? Kila mara kabla ya kurudia aliinua macho akatazama mlangoni. Aliwaona.”

Sikumbishia, ilikuwa siku ya msiba. Kuinua macho, ni kweli aliinua, hata mimi nilimwona. Ila ratiba aliyompa meja ilisema Mchana utaisha saa saba kamili, na sajini yule hakuwahi kumkabidhi mkubwa kazi pungufu hata kwa dakika moja. Na mimi niliyekaa karibu na mlango ule nakumbuka kwamba juu yake palitundikwa saa ya ukutani.