Gari la Mbio la Fundi wa Mashua

Mama aliponiuliza nimebeba nini kwenye kikapu, nilimwambia ni turbo. Aliinama akaitazama kwa muda, ilivyojiviringa na kung'aa juu ya taulo kuukuu.

"Konokono wa chuma," akasema. "Na huyu apikwa vipi?"

Nikamweleza. Kueleza ni tabia yangu, na siiachi hata msikilizaji akianza kupiga miayo. Turbo ni feni mbili ndogo zilizofungwa kwenye mhimili mmoja. Moshi unaotoka kwenye injini huizungusha feni ya kwanza, na kwa kuwa zimeungana, ya pili nayo huzunguka, ikavuta hewa ya nje na kuishindilia ndani ya injini. Hewa ikiwa nyingi, petroli nyingi zaidi inaungua, na gari linapata nguvu. Moshi ambao ungetupwa bure unafanyishwa kazi.

Mama alielewa upesi kuliko mafundi wengine ninaowajua. Alisema ni kama kuchemshia chai kwenye makaa yaliyookea mikate. Kisha akauliza lile swali ambalo mtaa wetu wote, pale Lamu mjini, ulikuwa ukiniuliza: "Na ndia ya kulikimbiza iko wapi, baba? Hapa punda wawili wakikutana, mmoja hurudi nyuma."

Gari lenyewe lilikuwa ng'ambo ya maji, Mokowe. Kwa miaka kumi na mitano nilikuwa nimetengeneza injini za boti, na nilizijua kama mtu anavyojua sauti za wanawe. Lakini lami ilipofika Mokowe na magari yakaongezeka, nilipata banda si mbali na gati nikatundika kibao cha gereji. Kila asubuhi nilivuka na boti ya kwanza, nikafagia banda, nikapanga spana, nikangoja.

Hakuna aliyeleta gari. Walinisalimia vizuri, wakanipita. Aliyenieleza sababu ni dereva mmoja wa pikapu aliyebeba mizigo ya gatini, mtu mwenye tumbo kubwa na ulimi mwepesi.

"Bwana fundi, wewe ni mtu wa mashua," aliniambia. "Pikapu yangu haiogelei."

Basi nikaamua kutengeneza gari ambalo lingenisemea. Nililipata nyuma ya duka moja, gari dogo la Kijapani la mtumba, lililotoka kiwandani na turbo yake lakini likafa kwa kukaa. Kila mwaka madereva wa upande ule hukutana kwenye uwanja wa zamani wa ndege, hufunga pande zote mbili, wakashindana mita mia nne: magari mawili ubavu kwa ubavu, yakianza yamesimama. Kila mwenye gari Mokowe huenda kutazama. Nikishinda mbele yao, gereji itaishi. Nikiharibikiwa mbele yao, nitashusha kibao na kurudi kwenye boti. Hilo nilikuwa nimemwahidi mke wangu, naye si mtu wa kusahau ahadi.

Wengi hudhani gari la mbio hutengenezwa kwa kufunga turbo kubwa tu. Usifanye hivyo. Ukizidisha hewa bila kuzidisha petroli, moto ndani ya injini unakuwa mkali hadi unatoboa pistoni. Kwa hiyo nilianza na pampu ya petroli yenye nguvu na nozeli kubwa za kuinyunyiza. Kisha nikaweka rejeta kubwa ya kupozea hewa, kwa sababu hewa ikishindiliwa hupata joto, na hewa ya moto ni nyepesi, haina faida kubwa. Kisha ekzosi pana, ili moshi upite bila kubanwa. Kisha klachi ngumu, maana nguvu isiyofika kwenye magurudumu ni kelele tu. Turbo mpya, kubwa kuliko ile ya kiwandani, huyo konokono, ilikuja mwisho. Kijana wa kompyuta kutoka Malindi alikuja kupanga upya kompyuta ya injini. Vipande vyote vilivuka kwenye kikapu changu, abiria wakivipa majina ya vyombo vya jikoni.

Wiki tatu kabla ya mashindano tulilipeleka gari uwanjani kulijaribu. Yule dereva wa pikapu alikuja pia, na mfuko wa njugu. Nilikanyaga. Gia ya kwanza, safi. Gia ya pili, mshale wa geji ya presha ukapanda, kiti kikanisukuma mgongo, nikasikia mlio kama wa bunduki. Nguvu zote zikaisha. Gari likakohoa moshi mweusi, likasimama katikati ya uwanja.

"Mashua imetoboka," yule dereva akasema kwa utulivu, akatupa ganda la njugu.

Haikuwa imetoboka. Hewa inayotoka kwenye turbo hupita kwenye mabomba ya chuma, na mabomba huunganishwa kwa vipande vya mpira mnene vinavyobanwa kwa klipu. Kipande kimoja kilikuwa kimechomoka chote. Nikakirudisha, nikakaza klipu. Kikachomoka tena. Nikaagiza mpira mpya na klipu pana zaidi, nikakaza hadi mpira ukaanza kukatika. Kwenye jaribio la tatu ulichomoka kwenye presha ileile. Niliukagua: haukupasuka wala haukuungua, na bomba halikuwa na ufa. Niliamini kosa liko kwenye turbo. Nikaifungua yote, nikaipima, nikaifunga tena. Haikuwa na kasoro.

Zikabaki siku nne. Mke wangu aliniuliza tu kama kile kibao kimefungwa kwa misumari au kwa skrubu, kwa sababu skrubu ni rahisi kufungua.

Asubuhi moja yule dereva aliingia bandani, akakaa juu ya tairi, akafungua mfuko wake. Sijui kama alikuja kucheka au alikuwa hana mzigo. Nilikuwa naunganisha mpira ule kwa mara ya nne, na kwa kuwa mtu alikuwepo, nikaanza kueleza.

"Kwanza nafuta vumbi," nikasema. "Kisha napaka hii hapa kwenye mdomo wa bomba, nyembamba, kote kote."

"Hiyo ni nini?"

"Grisi."

"Ya nini?"

"Kitu chochote cha injini usikifunge kikavu, ndugu yangu. Ndivyo nilivyofundishwa tangu niko mdogo. Chumvi ya bahari huingia katikati, mpira unagandana na chuma, na siku ya kufungua utahitaji shoka. Ukipaka grisi, haushiki."

Alitafuna, akameza.

"Haushiki," akasema.

"Haushiki kabisa. Unatoka kwa mkono."

"Na wewe, fundi, unataka ushike ama usishike?"

Nilibaki nimeinua kidole chenye grisi. Nje, mtu alikuwa anashusha magunia, nikamsikia akihesabu. Nilitazama bomba, nikautazama mpira, nikautazama mkono wangu, mkono uliokuwa umepaka grisi kila kiungo cha kila boti kwa miaka kumi na mitano bila kuniomba ruhusa. Katika boti, mpira ule hupitisha maji yenye presha ndogo, na adui yake ni chumvi. Katika gari hili hupitisha hewa iliyoshindiliwa, na adui yake ni utelezi. Nami nilikuwa nimepaka grisi kila mara. Hata ule mpira mpya, nilipoutoa kwenye karatasi yake, jambo la kwanza nililofanya ni kuupaka grisi.

"Subhanallah," nikasema.

"Mtu wa mashua," akasema yeye. Lakini aliinuka akanisaidia.

Tulifungua viungo vyote vya njia ya hewa. Tuliosha kila bomba na kila mpira kwa spiriti hadi kitambaa kikatoka cheupe. Nikapiga midomo ya mabomba msasa wa kukwaruza ili mpira upate pa kung'ang'ania, nikafunga vikavu, klipu zikakazwa kiasi tu. Kama unafanya kazi hii nyumbani, kumbuka hapa: mpira safi kwenye chuma kikavu hauhitaji kubanwa kwa hasira.

Siku ya mashindano upande mmoja wa uwanja ulijaa watu wa Mokowe. Niliwatambua wote, wale walionisalimia vizuri na kunipita. Waliniweka na gari jeupe lililoshinda mwaka uliotangulia. Dereva wake alishusha kioo.

"Ami, umekuja na jaketi la kuokolea?"

"Nimekuachia wewe," nikamjibu. "Utachelewa kufika."

Kuondoka ndiyo nusu ya mbio. Ukiachia klachi ghafla, magurudumu yanazunguka bure; ukiiachia taratibu mno, mwenzako ameshaondoka. Nilishikilia injini pale inapoanza kunguruma kwa sauti nzito, nikasema bismillahi, bendera ikashuka.

Gari jeupe lilinitangulia kwa urefu wa boneti. Gia ya pili. Mshale ukapanda, nikakaza meno nikingoja ule mlio wa bunduki. Ukapita pale mpira ulipozoea kuchomoka, ukaendelea kupanda, na mpira ukashika. Mbele yangu turbo ikapiga mluzi mrefu, kiti kikanishika mgongo na hakikuniachia. Gia ya tatu. Gari jeupe likawa ubavuni, kisha kwenye kioo cha pembeni, kisha likawa dogo kwenye kioo hicho. Nilivuka mstari nikicheka peke yangu.

Tulikimbia mara mbili zaidi siku ile, na mara zote mbili nilivuka wa kwanza.

Nilipofungua boneti walikuja kutazama, wale wote, wakaniuliza maswali, nami nikaeleza. Nilieleza feni mbili, nozeli, rejeta. Nilieleza na habari ya grisi, kwa sababu aliyejua alikuwa amesimama pale pale na angeieleza vibaya zaidi. Walicheka sana. Kisha mmoja akauliza kama kesho nitakuwa bandani.

Jioni Mama aliuliza mbio zilichukua muda gani.

"Sekunde kumi na mbili na kitu."

"Miezi minane kwa sekunde kumi na mbili," akasema. "Na watu watakuletea magari?"

Nikatoa ufunguo mfukoni nikauweka juu ya mkeka. Ulikuwa na kamba ya katani na ganda la njugu lililonasa kwenye fundo.

"Huu wa nani?"

"Wa yule mwenye pikapu isiyoogelea. Asema yanguruma upande wa kushoto, niitazame asubuhi. Na ameniwekea sharti moja."

"Lipi?"

"Nisiguse grisi mpaka yeye awepo."

Mama aliugeuza ufunguo, akaurudisha mahali pake, akavuta sinia la wali karibu yangu. "Haya, kanawe kwanza," akasema. "Mikono yako yang'aa."