Sekunde Kumi na Tisa

Kazini walimwita Mkasi, na jina lile likamfuata mpaka nyumbani. Shangazi yangu alihariri filamu za maisha ya kweli kwa miaka ishirini na miwili, na kazi hiyo ikamharibu masikio: hakuweza kumsikiliza mtu bila kumpunguza. Baba alipoanza kisa chake cha jinsi alivyoachwa na treni, Shangazi alimwambia, "Kaka, anzia ulipofika stesheni." Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Baba alinuna, lakini mara iliyofuata alianzia stesheni.

Chumba chake cha kazi hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na skrini mbili, rafu ya diski zilizoandikwa tarehe, na kiti kilichochanika ambacho hakutaka kibadilishwe. Wenzake walizunguka na kamera, wakamletea saa sitini au sabini za picha, naye akatoa saa moja. "Kukata si kusema uongo," aliniambia mara nyingi, nyingi mno, hata nikaanza kushuku. Nani alikuwa amemshtaki?

Kisha ikaja filamu ya kiwanda cha magodoro kilichoungua huku milango imefungwa kwa nje. Ndani yake yumo mama mmoja aliyefiwa na mwanawe wa pekee. Mwongozaji anamuuliza, "Mama, umemsamehe mwenye kiwanda?" Anajibu, "Nimesamehe." Basi. Watu walitoka ukumbini wakifuta machozi, na Shangazi akapewa tuzo ya kioo, akaiweka juu ya friji.

Miezi miwili baadaye mama huyo alibisha hodi kwenye chumba kile. Mkwewe, mjane wa marehemu, alikuwa ameitazama filamu, akafungasha virago na kurudi kwao na wajukuu wote wawili.

"Ameniambia hata pumzi sikuvuta," mama alisema. "Eti mumewe ameungua, na mimi nimesamehe kama niliyeombwa chumvi. Mdogo wangu, sikujibu vile. Nakumbuka nilinyamaza. Nipe hizo picha nikamwonyeshe."

Shangazi alimpigia simu mwongozaji. Huyo ndiye aliyemwajiri alipokuwa hana mbele wala nyuma, na picha zote zilikuwa mali yake. "Ukimpa," alisema, "usihesabu kazi kwangu tena. Wala kwa rafiki zangu." Shangazi alikaa na simu mkononi, mama yule akimtazama. Niliposikia kwamba alisita nilimkasirikia sana. Siku hizi sina uhakika kama mimi nisingesita zaidi.

Hatimaye aliinuka, akaitoa diski rafuni na kuichomeka.

Swali likasikika. Kwenye skrini mama akainama, akashika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Sekunde tano zikapita, kisha kumi. Ilipofika ya kumi na mbili, sauti ya mwongozaji ikatoka nyuma ya kamera, laini kabisa: "Sema tu umesamehe, mama. Tumalize, jua linatuacha." Zikapita saba nyingine. "Nimesamehe."

Diski ile iliwarudisha wajukuu kabla ya mwezi kwisha. Shangazi naye hajapewa filamu nyingine tangu siku hiyo. Sasa anahariri video za harusi, na mabwana harusi wanalalamika kwamba hotuba zao ni fupi. Hilo amelizoea, na hata mzaha analifanyia. Asichokizoea ni kilichotokea mle chumbani picha ziliposimama, na ameniambia mara moja tu, akiwa amenigeuzia mgongo.

Mama aliomba sauti iongezwe, akatazama tena. Kisha akamgeukia. Hakuwa na hasira, na Shangazi anasema heri angekuwa nayo.

"Kumbe ulimsikia."

"Nilimsikia, mama."

"Miezi yote hii najiambia, laiti angekuwapo mtu mwingine aliyesikia."