Kigari cha Bulaimu kwenye Meza ya Unga

Mpaka leo Odile anauza esansi kwa chupa pembeni ya soko la Kasongo, ingawa ameolewa na mtu anayewafundisha watoto wa shule kwamba magari yanaweza kutembea bila esansi. Jinsi walivyopatana, soko zima linajua.

Bulaimu, mwalimu wa kemia, alikuwa akija kila siku baada ya masomo. Tangi la pikipiki yake limejaa, naye anaomba aongezewe. Siku moja esansi ilimwagika mpaka kwenye viatu vyake.

"Mwalimu," Odile akamwambia, "hii pikipiki iko na kiu, ao ni wewe?"

Madereva wa pikipiki waliokuwa wakingojea esansi wakacheka. Bulaimu alibabaika, mdomo ukakimbilia kitu alichokijua. Akasema kuna nchi ambako magari yanatembea kwa hidrojeni, gesi ambayo mtu anaweza kuitoa kwenye maji, na nyuma hayatoi moshi, yanatoa maji tu.

"Unataka kuniulia biashara?"

"Nataka nikuonyeshe. Nikiweza, utakubali nikusindikize nyumbani."

"Na ukishindwa?"

"Nitanunua esansi kwa mwingine."

Hilo Odile hakulitaka hata kidogo.

Kesho yake Bulaimu alileta kigari cha plastiki, kidogo kama kiatu cha mtoto, ambacho kaka yake Déo alimtumia kutoka Goma. Odile alimkataza kukisogeza karibu na chupa zake, basi wakakiweka kwenye meza ya Mama Julienne, muuza unga wa muhogo. Bulaimu akatia maji safi, akaunga waya za plaki ndogo ya kuvuta umeme wa jua. Mapovu yakaanza kupanda.

"Umeme wa jua unapasua maji," akaeleza. "Huku hidrojeni, huku oksijeni. Zikikutana tena ndani ya kigari, zinatoa umeme, na maji yanarudi."

Kisha wingu likafunika jua, mapovu yakatulia. Hervé, dereva wa pikipiki, akauliza kama kigari kinangojea mvua. Odile akajikuta amefungua kitenge cha begani, anakipunga juu kulifukuza lile wingu. Hapo wote wakajua yuko upande wa nani.

Jua liliporudi na gesi ikatosha, Bulaimu akachomoa waya za plaki, akaunga za mota. Kigari kikatetemeka, kikaondoka. Kikapita katikati ya vilima vya unga, kikaruka ukingo wa meza, kikatua ndani ya beseni la unga la Mama Julienne, magurudumu yakimrushia mwalimu unga usoni. Odile alicheka mpaka akakaa chini. Mama Julienne mwenyewe akafuta meza ili kipate barabara, na wakarudia tena na tena mpaka jua lilipolegea.

Jioni walitembea, Bulaimu akisukuma pikipiki, nyusi bado nyeupe.

"Gari kubwa la namna hiyo litafika hapa lini?"

"Sijui. Linataka tangi gumu la kubania gesi, na umeme mwingi wa kupasua maji. Sisi hata wa kuchaji simu tunautafuta."

"Basi nitauza bado."

"Utauza sana."

Wakacheka wote wawili, bila sababu kubwa, na wakaendelea kucheka hadi Bulaimu akasimama.

"Odile, nyumba yenu si ile tumepita?"

"Iko ile," Odile akasema. "Twende tu."