Kaseti ya Kwaya Katika Duka la Redio

Nakumbuka siku moja, mwanangu, niliingia mjini Sumbawanga moyo ukinidunda kwa furaha. Serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria, na madukani, ambako tulizoea rafu tupu na foleni ya sabuni, sasa redio zilipangwa hadi barazani. Nilikuwa nimeuza maharage yangu Laela. Nilitaka muziki nyumbani na, Mungu akijalia, video baadaye.

Sababu kubwa ilikuwa mama. Miguu yake ilikuwa imechoka, hakuweza tena kutembea kutoka kwetu Mollo hadi kanisani, na alichokikosa zaidi ni kwaya, maana aliimba humo tangu usichana. Aliniambia hataki redio ya kelele. Anataka kusikia maneno.

Nilifuatana na mjomba Severini, kaka yake mama, aliyekuwa mwalimu wa kwaya hiyo. Muuzaji, kijana mchangamfu, alituamkia shikamoo, kisha akawasha redio moja iliyonifika kifuani, yenye taa za rangi zinazocheza. Akaweka dansi. Besi ikatetemesha vioo, wapita njia wakaanza kutikisa mabega, na mimi, namshukuru Mungu kwa ujana, nikatikisa nao. Mkono wangu ulikuwa tayari mfukoni.

"Mzee, hii ukiiwasha hapa, Muze kule bondeni wanasikia," kijana akamwambia mjomba.

"Muze hatujawaalika," mjomba akamjibu. "Dada yangu yuko Mollo, na chumba chake ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili."

Akatoa kwenye koti kaseti ya kwaya yetu, iliyorekodiwa wakati mama bado anaimba sauti ya pili, akaomba iwekwe. Ngoma zikatoka kama magunia ya mahindi yanayoshushwa kwenye lori. Sauti za akina mama zikamezwa zote.

"Mama yako umemsikia wapi hapo?" mjomba akaniuliza.

Nikautoa mkono mfukoni. Mjomba akamuuliza kijana redio ile inakula umeme kiasi gani, kwa kuwa sisi tulitumia betri ya gari, tuliyoichajisha mjini kwenye mashine ya kusaga na kuirudisha nyumbani kwa baiskeli. Kijana akacheka, akawa mkweli.

"Kwa betri, mzee, itakata kabla sadaka haijapita."

Ndipo akavuta chini ya kaunta deki ya kaseti, amplifaya ndogo ya kukuza sauti, na spika mbili za mbao, zilizokwisha kutumika, hazina taa hata moja, akasema hivyo betri ya gari inavitosha. Kaseti ni ileile. Mwanangu, nilimsikia mama akivuta pumzi kabla ya Aleluya! Nilitamani kupiga vigelegele mle dukani.

Nyumbani tuliziweka spika juu ya vigoda, mbali kidogo na ukuta, zikimwelekea mama kitandani. Alisikiliza macho amefumba, nami nikaogopa labda sauti hazimfikii. Kisha akainua kidole.

"Severini, hapo ulituharakisha."

Mjomba alicheka hadi akajifuta machozi. Mama akaomba kaseti irudishwe mwanzo, na safari hii akaimba nayo, sauti ya pili, neno kwa neno. Baadaye nilipopata deki ya video, niliiunganisha na spika hizohizo, na majirani walifuata kila neno la filamu ya Pasaka bila kuulizana kasema nini.

Basi mwanangu, ukienda dukani usishawishiwe na ukubwa wala taa. Chukua wimbo unaoujua vizuri, na kama ni sinema, sikiliza wanavyozungumza, si milipuko. Kipime chombo kwa chumba chako na kwa umeme ulio nao. Anza na spika nzuri, hata kama ni za mtumba. Mengine yataongezeka polepole. Na kabla ya kulipa, mkumbuke yule unayetaka asikie.

Mungu aibariki kazi ya mikono yako, aijaze nyumba yako nyimbo, na akujalie jamaa wa kuziimba pamoja nawe.