Ngege Kabla ya Kura

Shule niliishia darasa la tatu. Nasema mapema, mtu asije akatafuta maneno makubwa humu. Yadi yangu ya mbao kule Obunga niliijenga kwa mkokoteni na mgongo wangu, na miaka ya themanini boti nyingi za wavuvi wa Dunga zilikuwa za mbao zangu. Mbao kavu. Mbichi sikumuuzia mtu anayekwenda kwenye maji.

Kwa hiyo rafiki yangu mwenye duka la dawa mjini aliponiambia klabu yao inatafuta wafanyabiashara waaminifu, nilimjibu, "Mmechelewa kunitafuta."

Klabu hiyo ilikuwa ya madaktari, mawakili na wenye maduka. Walikutana hotelini kila wiki wakati wa chakula cha mchana, wakipanga visima vya kuchimba na vyoo vya shule vya kujenga. Kila mmoja alibandika beji ndogo kwenye koti. Niliitaka beji ile kuliko nilivyoitaka lori yangu ya kwanza.

Siku ya kupigiwa kura niliamkia Dunga. Kwetu huendi kwa watu mara ya kwanza mikono mitupu. Wenye boti walinichagulia samaki wa ziwani, ngege wanono, wengine bado wanarusha mikia. Nikaingia hotelini na karai, nikamwekea kila mwanachama samaki wake kando ya sahani, amefungwa kwa gazeti.

Wakasimama kusema kiapo chao: biashara iwe ya haki, upendeleo usinunuliwe. Wakaketi. Gazeti moja likaruka mezani.

Mwenyekiti alikuwa wakili kutoka upande wa Mlima Kenya, sauti kama ya mhubiri. "Mzee, hawa samaki ni wa nini?"

"Wa kula, Bwana Mwenyekiti. Au kwenu wanafugwa?"

Meza nzima ilicheka, yeye hakucheka. "Tunakupigia kura sasa hivi. Zawadi kabla ya kura inaitwaje?"

"Kwetu inaitwa salamu."

"Mahakamani inaitwa hongo."

Rafiki yangu akafunika uso kwa kitambaa. Nikaiona beji inaondoka. Hasira ilinipanda, lakini nikajiuliza: mtu akija yadi na kuku mkononi, nitampimia mbao sawa na mwingine kweli? Aa, huyu wakili ana neno.

"Sawa," nikasema. "Humu ndani nani hana kura?"

"Wapishi na wahudumu."

"Basi samaki ni wao."

Nikazunguka meza nikiwakusanya mwenyewe. Daktari wa meno alimng'ang'ania wake. "Omera, ndugu yangu, huyu tumeshazoeana!"

"Achia, daktari." Nikampokonya.

Nikasubiri nje, mikono inanuka ziwa. Haikuchukua muda, rafiki yangu akatoka mbio. "Ingia! Wamekubali wote, hata yule wa meno!"

Mwenyekiti akanibandika beji mwenyewe. Wakati huo harufu ya ngege wanaokaangwa ikatufikia kutoka jikoni, na sisi mbele yetu tuna kuku wa hoteli, mkavu kuliko mbao zangu. Klabu ilikuwa na desturi ya kutozana faini za mzaha. Mwenyekiti akagonga meza.

"Mwanachama mpya ana kosa la kututamanisha. Faini: wiki ijayo alete samaki wale wale. Kura imepita, sasa si hongo."

"Nitaleta," nikamjibu, "lakini wewe utakula kwa mkono."

Alikula kwa mkono. Nilipomwonyesha kwamba kichwa ndicho kitamu, wakili alifyonza mpaka macho, kisha akauliza kama kuna mwanachama mwingine mwenye kosa.